Kofia Zilizolala Kushoto

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kulisema. Wajukuu wangu huniambia, "Bibi, wewe hata chumvi waishuku." Ni kweli, chumvi naionja kwanza. Nimekulia Kibokoni miaka ya vita vikubwa, wakati madirisha yalipofunikwa nguo nyeusi, mgeni akipita vichochoroni aliulizwa atokako, na sukari ikipungua koponi kila mtu alimtazama mwenzake. Lakini si vita vilivyonifunza kushuku. Ulionifunza ni mkono wangu.

Nina shoto. Nimezaliwa nayo, na mama yangu aliichukulia kama maradhi yanayopona yakikazaniwa. Nilipokuwa mdogo aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kipande cha leso. Nilipojua kukifungua kwa meno, akakipaka shubiri. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi mbele ya chakula. "Nani atakula pilau uliyoipakua kwa mkono huo?" mama alikuwa akiniuliza. "Nani atakuposa?" Basi nikajifunza kula, kuandika katika chuo cha Kurani na kumimina kahawa kwa mkono wa kulia, polepole, nikimwaga. Wageni walipokuja niliukalia ule wa kushoto, nikausikia ukifa ganzi chini yangu huku nikiwaitikia salamu kwa adabu.

Mama mwenyewe alikuwa mzito wa mikono. Vikombe vilimponyoka. Sindano hakuigusa, hata vifungo vya kanzu ya baba alivipeleka kwa jirani. Na alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa: akipika, hufunga mlango wa jikoni. Moshi ukamtoa machozi, joto likamchemsha, mlango haufunguliwi mpaka chakula kiive. Kwa miaka nilimshuku kuwa anakula minofu peke yake kabla hajatupakulia.

Kushona nilijifunza kwa nyanya yangu mzaa baba kabla hajafariki. Aliniketisha mbele yake, uso kwa uso, akashona kofia huku nikimtazama. Alichokifanya yeye kwa mkono wa kulia mimi nilikifanya kwa wa kushoto, kama mtu na kioo chake. Kofia ya mkono ni kazi ya subira: kitambaa cheupe kimechorwa maua kwa kalamu ya risasi, unatoboa kitundu kidogo, unakizungushia uzi, unakwenda kingine, na duara la juu la kofia lina vitundu vingi kuliko utakavyotaka kuvihesabu. Vya wengine, ukivitazama vizuri, nyuzi zake zililalia kulia. Vyangu vililala kushoto, kama uji uliokorogwa kinyume. Mama alinikubalia kazi hiyo kwa sharti moja, niifanye chumba cha ndani, pazia limeshushwa.

Wasichana wa ndani hatukwenda sokoni. Kazi zetu zilitolewa na mchuuzi, mjane wa mtaa wa nyuma, mwenye kikapu kikubwa na ulimi mkubwa zaidi. Alikuja, akala haluwa yetu, akaitia kofia chini ya buibui lake, na akirudi hakukosa lawama.

"Mwanangu, mkono wako una walakini," alikuwa akiniambia huku akitikisa kichwa. "Vitundu vyalala upande. Watu wataka kofia iliyonyoka. Hii nimeiuza kwa taabu, tena kwa baharia asiyejua kofia ni nini."

Nilimtazama mama nikingoja anitetee. Mama aliangalia mkeka. Hata jirani aliyetukopesha chungu chenye ufa mama alibishana naye, lakini kwa mchuuzi huyu alinywea. Baadaye ndipo nilipoelewa. Aliogopa kwamba mabishano yakianza, mchuuzi atauliza kwa nini vitundu vinalala, na swali hilo lina jibu moja tu. Kwa hiyo nilisifiwa na nani? Hakuna. Nilishona nikiamini kwamba kofia zangu zinavaliwa na walevi wa bandarini.

Hadi asubuhi moja ya Idi. Nilisimama nyuma ya wavu wa dirisha la juu nikiwatazama wanaume wakitoka kuswali. Mtu akiwa ghorofani haoni nyuso, anaona vitwa, ndivyo tuviitavyo vichwa kwetu. Kofia zikapita chini yangu moja moja, na vichochoro vyetu ni vyembamba, ningeweza kuwatemea mate. Nikaona duara la kofia ambalo vitundu vyake vililala kushoto. Nikajisugua macho. Ikapita ya pili. Ya kwanza ilikuwa kichwani mwa mwalimu wa chuo kikubwa, ya pili ya tajiri mwenye maghala, na nyuma yao wakafuata vijana wa nyumba za watu, waliojitia uturi, na kofia zangu vichwani mwao. Mabaharia wasiojua kofia!

"Mama, njoo uone!"

Mama alikuja, akachungulia, akashusha pazia.

"Hukuona kitu," akasema.

Wakati wa chakula cha mchana baba, ambaye kazi yake ilikuwa bandarini na habari zote alizipata barazani, alitueleza bila kuulizwa kwamba siku hizi mtu asiye na kofia ya mkondo si mtu. Waliiita hivyo kwa sababu vitundu vyake vyaonekana kama maji yanayokwenda. "Yashonwa na mpwa wa yule mchuuzi wenu," baba akasema, akimega mkate. "Msichana ana mkono, mashallah. Nasikia ameposwa na nyumba kubwa ya karibu na msikiti. Mamake kijana hakutaka hata kuuliza sura. Amesema, mwenye mkono huu ndiye mkwe wangu."

Niliurudisha mkate sahanini. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akinila huku akimaliza haluwa yetu.

Nataka nieleweke vizuri. Bwana harusi sikumtaka. Sikumjua hata kivuli. Lakini msichana wa ndani zama zile hakuwa na uso mtaani. Alichokuwa nacho ni kazi ya mkono wake, ndiyo iliyotoka nje na kutembea badala yake. Mpwa yule akiingia nyumba ile na jina la fundi wa mkondo, basi kofia yoyote nitakayoishona mpaka nife itaambiwa imeigwa kwake. Ningekuwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe. Nilimwambia mama hivyo, nikilia kwa hasira.

"Nyamaza," mama akasema. "Ukidai ni zako watataka uzishone mbele yao. Utashona kwa mkono upi?"

Nikarudi chumba cha ndani, nikashusha pazia.

Haikupita muda mchuuzi akaja mbio mbio, hakuketi hata vizuri. Alifungua kikapu akatoa kitambaa kilichochorwa, na nilipokigusa tu nikajua. Kitambaa laini namna ile wakati wa vita hakikupatikana dukani. Kilikuwa kimewekwa sandukuni na mtu aliyekuwa akingoja siku kubwa.

"Ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ya mteja."

"Mteja yupi?"

"Weye shona tu, mwanangu. Maswali ya nini?"

Sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa kofia ya bwana harusi. Mama mkwe alikuwa amemletea mkwewe kitambaa ashone kwa mkono wake ule mashuhuri, na mkono ule ulikuwa umekaa chini yangu, kwa sababu mbele ya mchuuzi pia niliukalia.

"Nishone vipi?" nikauliza kwa upole mwingi.

"Ulivyozoea."

"Lakini nilivyozoea kuna kasoro. Umeniambia mwenyewe. Au sasa watu wavipenda vitundu vilivyolala?"

Mama aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mchuuzi machoni. Na mchuuzi akanaswa: akisema ndiyo, wanavipenda, miaka yote ya lawama inageuka uongo mbele ya mama yangu. Aliumauma midomo. Najua alichokiwaza. Aliwaza kwamba nimelaumiwa miaka na sikubadilika, kwa hiyo mkono mwingine sina.

"Si kwamba wavipenda," akasema mwisho. "Basi, vinyooshe ukiweza."

"Nitaweza," nikamjibu mchuuzi.

Nilikuwa nao mkono mwingine. Nilikuwa na mkono wa kulia, ule niliopewa kwa leso na shubiri, mzito na mwoga, ambao sikuwahi kushonea hata pindo. Niliushikisha sindano siku hiyo hiyo. Nilijichoma, nikafumua, nikajichoma tena. Mwezi uliandama nami bado niko kwenye ukanda wa pembeni. Sikushona chumba cha ndani, nilishona ukumbini, pazia limefunguliwa, maana sikuwa na cha kuficha. Mama aliponiona alishika kifua kwa furaha. Alidhani maradhi yamepona. Alinikaangia mayai, na mayai wakati ule hayakukaangwa ovyo. Niliyala yote wala sikumwambia nia yangu, kwa sababu hata yeye sikumwamini.

Ile kofia ilitoka nzuri, siwezi kuisema vibaya. Vitundu vyote vilielekea kulia kama vya kila mwanamke wa Mombasa. Mchuuzi alikuja kuichukua siku ile ile aliyotakiwa kuipeleka, kijasho kikimtoka. Aliigeuza mkononi, akaigeuza tena, akafungua kinywa.

"Imenyooka," nikamwambia. "Kama ulivyotaka."

Alifunga kinywa. Hiyo ndiyo siku pekee aliyoondoka bila kuigusa haluwa.

Yaliyotokea nyumbani kwa bwana harusi sikuyaona, niliyasikia kwa wanawake waliokuwapo, na nimewapunguzia robo kama kawaida yangu. Mamake kijana, bi mkubwa mwembamba asiyependa maneno mengi, aliipokea kofia, akaenda nayo dirishani, akarudi. "Hii si ya mkondo," akasema. Akampa msichana sindano na kitambaa, amshonee kitundu kimoja tu. Msichana akaanza kulia kabla ya kutia uzi. Akasema kofia hajawahi kushona, shangazi yake ndiye aliyemwambia anyamaze, na hizo kofia hutoka nyumba fulani ya Kibokoni. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake ulikuwa mlangoni kwetu.

Bi mkubwa alikuja baada ya Alasiri, peke yake. Tulisikia hodi, na mama alipochungulia akarudi nyuma rangi imemtoka.

"Masalkheri, wenyewe."

"Masalkheri, bi mkubwa. Karibu, karibu ndani."

Akaulizwa hali, akauliza hali, watu wa nyumbani wote wakaulizwa mmoja mmoja, kahawa ikamiminwa. Mama aliketi kando yangu kwenye mkeka, karibu mno, bega lake likinisukuma ili nisiinuke juu ya mkono wangu. Mgeni alitutazama bila haraka. Nilimshuku tangu alipovua viatu. Kwa nini amekuja mwenyewe asitume mtu? Nikajiambia amekuja kutuumbua, kisha aende kutuangulia vicheko katika kila nyumba yenye mkeka.

Alitoa kofia mbili akaziweka mbele yangu. Moja ya mkondo, imevaliwa ikafuliwa, na ile ya bwana harusi.

"Ipi yako?" akaniuliza.

"Zote mbili."

"Binti yangu, hizi ni mikono miwili. Mimi nimeshona kofia kabla hujazaliwa. Waniona mtoto?"

"Bi mkubwa," mama akadakia, "mwanangu huyu mkono wake ni wa kulia, kama watu wote. Hiyo iliyonyoka ndiyo yake. Hiyo nyengine hatuijui."

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameikana kazi yangu mbele yangu, kwa mdomo wake. Nilihisi uchungu ambao mchuuzi hakuweza kunipa, kwa sababu mchuuzi alikuwa mtu baki. Mgeni hakubishana. Akaanza kulalamikia mchele wa vita, jinsi ulivyojaa mawe, na mama akaitikia kwa shukrani, naam, wallahi, mawe matupu. Na katikati ya mchele, bila hata kututazama, yule bi mkubwa akachomoa donge la uzi kifuani mwake akalirusha baina yetu.

Mwili haujui kusema uongo, na yeye alilijua hilo. Nami nililielewa donge lile likiwa bado hewani. Lakini mkono wangu ulikuwa umekaliwa tangu hodi; ulikuwa umekufa ganzi na haukuinuka. Aliyelidaka ni mama. Alilidaka juu, safi, kama mtu achumaye embe lililo karibu. Mama yangu aliyeponyokwa na vikombe. Alilidaka kwa mkono wa kushoto.

Mama aliutazama mkono wake ulioshika uzi kana kwamba umetoka nyumba ya watu.

"Kumbe ni weye," mgeni akasema taratibu. "Weye ndiye mwenye mkondo."

Hapo niliogopa kuliko siku zote, maana nilikiona alichokiona mama. Angeweza kusema ndiyo. Yeye alikuwa na mume na watoto, shoto haimpunguzii kitu. Angesema ndiyo, nami ningebaki msichana mzuri wa mkono wa kulia, anayeposeka, na kofia zangu zingekuwa za mtu mwingine kwa mara ya pili. Nilimtazama mdomo. Namwambia msomaji kweli, sikutegemea jema.

Mama aliliweka donge la uzi chini.

"La, bi mkubwa," akasema. "Mimi nilifungwa mkono huu nikafungika. Huyu hakufungika."

Kisha akanisogelea, akaniinua kidogo kwa kiuno kama mtoto, akautoa mkono wangu chini yangu, akaanza kuusugua kwa mikono yake yote miwili ili damu irudi. Ulinichoma kama siafu. Alipoona vidole vyaweza kukunjika, akaniwekea sindano humo, katika mkono wa kushoto, mbele ya mgeni. Nikashona kitundu. Bi mkubwa alisogeza uso karibu hata nikasikia harufu ya karafuu kinywani mwake, akautazama uzi ukilala kushoto, akacheka cheko fupi.

"Na mkono huu ndio ukafichwa?" akasema.

"Twaogopa watu, bi mkubwa," mama akajibu. "Chakula..."

"Sikuja kula. Nimekuja kutafuta fundi."

Posa hakuivunja. Alisema yule msichana hakumkosea, aliyemkosea ni shangazi, na mwanawe haozwi kofia. Kitambaa kingine alikitoa sandukuni mwake, nami nikakishona, ukumbini, kwa mkono wangu. Siku ya harusi, kabla ngoma haijaanza, aliwaonyesha wanawake wote ile kofia akawaambia ni mkono wa nani. Tangu hapo watu walibisha hodi kwetu wenyewe. Wapo ambao hawakunywa kahawa yangu, walishika kikombe wakakirudisha kimejaa, nami niliwatambua kila mmoja na mpaka leo naweza kuwataja. Mchuuzi alipotuona alibadili kichochoro.

Nimewahi kuulizwa kama namshukuru mama kwa leso na shubiri, kwa kuwa bila mkono wa kulia nisingemnasa yule mwanamke. Siwezi kushukuru kufungwa. Lakini kasoro niliyolaumiwa ndiyo iliyokuwa sahihi yangu juu ya kila kichwa, na hilo mchuuzi alilijua miaka mingi kabla yangu, ndiyo maana alinificha.

Jioni ya siku ile, mgeni alipokwisha kwenda, mama hakuondoka mkekani. Alivikusanya vikombe, akaviweka tena chini.

"Hebu nipe hiyo sindano," akasema.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Alitoboa, akazungusha uzi, akajichoma kidole gumba, akaendelea. Kitundu kilitoka kikubwa na kibaya, mtu hawezi kukitia kwenye kofia. Lakini nyuzi zake zililala upande ule ule wa zangu. Alikitazama, akanirudishia kitambaa. Kisha akainuka kwenda kupika, akashika mwiko kwa mkono ule ule, na mlango wa jikoni hakuufunga.